Upepo wa Muhazi Hausomi Vyeti

Wiki iliyopita nimerudisha ufunguo wa banda la mashua. Ni ufunguo mmoja tu, umefungwa kwenye kipande cha ndala ili ukianguka majini uelee, na hiyo akili ya ndala ni yangu, hata kama leo kila mmoja wenu anajifanya alizaliwa nayo. Madamu Prezida wa klabu aliupokea kwa mikono miwili, akasema maneno mazuri, nikapewa fulana na soda. Nyinyi mnaobaki bandani mkanifuata mpaka barabarani: Muzehe Bosco, tuandikie namna unavyosoma upepo, maana ukiondoka unaondoka nao. Ni kweli, ningeondoka nao. Kwa hiyo naandika.

Shule niliachia darasa la nne, Bujumbura, na sijawahi kurudi kuangalia kama waliendelea bila mimi. Binti yangu ndiye anayepiga chapa, hapa nyumbani Kagugu. Nimemkataza kurekebisha. Namwona anarekebisha.

Jambo la kwanza mjue: mimi sikuzaliwa ziwani. Ziwani nilifika nimelalia mlingoti. Wakati huo nilikuwa karani-ngufu kwenye stendi ya Nyabugogo, mbeba mizigo, na waulizeni wazee wa pale, gunia la kilo mia nilikuwa nalibeba huku napiga mluzi. Siku moja likashushwa kwenye lori dude la alumini, refu kama mita saba, jepesi, limefungwa kwa matambara. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu akauliza nani anaweza kulifikisha ziwa Muhazi bila kulipinda. Wenzangu wakalizunguka. Mmoja akasema ni antena ya redio. Mwingine akasema ni bomba la hospitali. Mimi nikasema, "Hilo nalijua, nimeshabeba mengi." Nilikuwa sijawahi kuliona. Lakini mtu anayesubiri mpaka ajue ndipo aseme anajua, huyo atabeba viazi mpaka afe.

Nikalilalia juu ya pikapu njia nzima, Gasanze, Nduba, mpaka chini kwenye maji, mavumbi yakinila macho. Halikupinda. Yule mzee alikuwa Fundi Nepo, yaani Népomucène, seremala wa klabu, Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura kama mimi, mikono imejaa gundi. Alijifunza matanga kule ziwa Tanganyika na alikuwa hajui kuogelea. "Nikijua kuogelea nitazembea," alisema. Akanipa chai, akanitazama, akaniuliza:

"Wewe mtoto wa Nyabugogo, upepo uko wapi?"

Nikalamba kidole, nikakiinua juu, kama nilivyoona watu wanafanya.

"Kidole kinakwambia upepo uliokwisha kukufikia," akasema. "Huo ni habari ya jana. Mimi nakuuliza ule unaokuja."

Nikabaki na kidole juu. Sikurudi tena Nyabugogo kubeba mizigo.

Kazi yangu ya kwanza haikuwa ya upepo. Nilipewa nyundo na ubao ulioandikwa na kamati, nikaambiwa niupigilie juu ya mlango wa banda. Niliupigilia kwa misumari sita ya inchi nne, na nikaikunja kwa nyuma, kwa sababu mimi nikifanya kazi huwa naifanya. Halafu nikamwomba Nepo anisomee. Ulisema: wafanyakazi hawaruhusiwi kushika usukani siku ya mashindano. Nepo akacheka mpaka akakaa chini. "Umejifungia mlango vizuri sana," akasema.

Basi nikajifunza kuendesha mashua kwa mdomo.

Mashua zetu ni za watu wawili. Nyuma anakaa bosi, ameshika usukani na kamba ya tanga kubwa. Mbele anakaa mfanyakazi, anashika kamba ya tanga dogo na kulowa. Mashua haiwezi kwenda moja kwa moja kuelekea upepo unakotoka. Inabisha, yaani inapanda kwa kukata kona, kidogo kulia, kidogo kushoto, kama pikipiki inayopanda kilima cha matope. Muhazi ni ziwa jembamba, limebanwa na vilima kaskazini na kusini, na kila bonde lina mdomo wake. Upepo wa mashariki unaingia kama saa tano asubuhi, halafu unapindwa na vilima, mara unatokea upande huu, mara ule. Anayejua utakapogeukia anashinda. Anayejua ulipokuwa anasimulia baani.

Nepo alinifundisha kwa kaseti. Mke wake aliimba kwaya ya parokia, na siku waliyogombana Nepo alifungua kaseti ya kwaya, akakata ule utepe wake mwembamba vipande vipande, akavifunga kwenye kamba za chuma zinazoshikilia mlingoti. Utepe wa kaseti unatikisika kabla ngozi yako haijasikia kitu. Vipande vile vilidumu kuliko ile ndoa. Lakini utepe ni wa karibu. Kwa mbali alinifundisha kutazama maji yanapokuwa meusi kama yamepigwa pasi kinyume. Kutazama mikaratusi ya kilimani, maana majani yake yakigeuka meupe, upepo umeshafika pale. Kutazama nyange, wale ndege weupe, ambao husimama wameuelekea upepo kama wakristo wanaoelekea altare. Na juu ya yote, moshi wa tanuri la matofali, ng'ambo ya kaskazini. Moshi wa tanuri ukiinamia ziwa, upepo unahamia kaskazini, nenda kaskazini uukute. Ukiinamia kilima, upepo unahamia kusini, nenda kusini. Mimi nikaufanya moshi ule kuwa Biblia yangu. Nepo alipokufa, Mungu amrehemu, alikufa kitandani, mkavu kabisa, hakuna mtu aliyebaki ziwa zima anayeusoma moshi ule kunishinda. Naomba asije mtu kunibishia hapo.

Sheria yenyewe ni fupi. Ukinyimwa, geuka. Ukipewa, nyamaza. Upepo ukihama ukaisukuma pua ya mashua mbali na boya unaloliendea, huko ndiko kunyimwa. Geuka hapo hapo, kwa sababu kinachonyimwa upande huu kinatolewa upande wa pili. Upepo ukihama ukakuvuta kuelekea boya, umepewa, kaa kimya, usiguse kitu, usianze kujisifu. Ni sheria ambayo mtoto anaielewa na mkurugenzi haielewi. Nimewaona wakubwa wenye ofisi za vioo waking'ang'ania upande mmoja mpaka matete yanaingia ndani ya tanga, kwa sababu tu asubuhi walishautangaza mbele ya wake zao.

Na msikae nyuma ya mtu. Upepo uliopita kwenye tanga la mwenzako ni upepo wa chaguwa, mtumba, umeshavaliwa. Utakufunika, lakini haukai mwilini.

Sasa mabosi. Nilikaa mbele ya wengi. Mkurugenzi mmoja alikuwa anaendesha mashua kama kikao. Tunaona maji meusi yanakuja, mimi namwambia, yeye anasema, "Bosco, nipe njia tatu tuzilinganishe."

"Bosi, iko moja. Na hiyo inapita."

"Usinikimbize."

Ikapita. Tuliilinganisha tukiwa wa saba.

Daktari alikuwa mtu mzuri, anasikiliza, lakini hakuna ugonjwa aliowahi kuukubali bila maoni ya pili. Nikimwambia geuka, anaita mashua ya jirani: "Nyinyi mnaonaje?" Nyinyi walikuwa wanatuona vizuri sana, na wakatupita.

Bwana Alphonse ndiye aliyenifunza siasa. Ni konsultanti, alikulia Kampala, mcheshi, mkarimu, na hakuwahi kupokea ushauri ambao hakuuuza yeye. Nikimwambia "geuka", hageuki, hata tukiwa tunaelekea mwamba. Nikafikiri wiki nzima. Mashindano yaliyofuata nikasema kwa sauti ya chini, "Bosi, nimeona umeshaona ule upepo wa kusini." Akakohoa. "Nilikuwa nangoja tu," akasema, akageuka. Tukashinda. Kuanzia siku hiyo nilikuwa na ufunguo wa kila bosi. Liandikeni hilo neno kwenye ukuta wa banda: usimwambie mkubwa afanye nini, mwambie umeona ameshaona. Kwa neno hilo nimeshinda vikombe kumi na vinne. Vimejipanga baani kwenye kabati la kioo, na jina langu halimo hata kwenye kimoja, lakini ninayevifuta vumbi ni mimi, kwa hiyo najua vilipo.

Espérance alikuja kuosha vyombo jikoni kwa klabu. Ni msichana wa hapa hapa kandokando ya ziwa, mwenye maneno machache na macho mengi. Siku moja nimetoka majini mshindi, yaani bosi wangu mshindi, Espérance akanikuta nakausha matanga.

"Muzehe, kwa nini mligeuka pale kwenye mti mkubwa?"

"Hiyo ni siri ya kazi. Na mimi si muzehe."

"Ni kwa sababu matete ya kusini yaliinama?"

Nikaacha tanga. Matete yale mimi mwenyewe nilikuwa nimeyaona kwa bahati. Nikamwendea mpishi nikamwambia atafute mwosha vyombo mwingine. Tangu siku ile alikuwa wangu bandani: kupiga msasa, kushona tanga, kufunga vifundo. Alikuwa na kadaftari. Kila nilichosema alikiandika, na nikijipinga kesho yake ananisomea. Si tabia nzuri kwa kijana, lakini ilinisaidia kukumbuka nilivyokuwa na akili. Jumamosi nilimwachia ziwa lote, kwa sababu Jumamosi ndiyo siku yangu ya kushuka Nyabugogo, kununua kamba, gundi na rangi, na kuwasalimia wabeba mizigo ili wamwone mtu aliyefanikiwa. Basi Jumamosi Espérance alikusanya watoto, wa wanachama na wa wavuvi pamoja, akawafundisha kwenye mashua yetu kongwe ya mbao, Isimbi. Miaka minne. Hakuna aliyemtuma, na hakuna aliyemkataza, na hapo ndipo kamati ikagundua kwamba klabu ina shule ya watoto na haina mwalimu.

Wakamleta Fabrice. Sina ubaya na Fabrice. Ni kijana safi, amesoma ng'ambo, ana cheti cha ukocha kwa lugha tatu, na ana simu anayoifunga kwenye mlingoti inayosema upepo utafanya nini. Kamati iliipenda simu ile. Walipiga picha nayo. Bwana Alphonse akasema mbele ya kikao kwamba zama za kutazama ndege zimekwisha, sasa ni zama za data. Mimi nilikuwa mlangoni na ndoo ya maji.

"Na cheti chake kinaelea?" nikauliza.

"Bosco, hiki ni kikao," akasema Madamu Prezida. Ni mama mwenye haki, ila anachoka haraka.

"Madamu, samahani. Mimi nasema tu, mwalimu wa watoto mnaye. Miaka minne. Mpeni Espérance usukani siku ya kombe. Akimshinda huyu kocha, kazi iwe yake, kwa karatasi, na ule ubao wa mlangoni ung'olewe. Akishindwa, tunarudi kuosha mashua na hamtasikia mdomo wangu tena."

Nadhani ni hilo la mdomo wangu ndilo lililowavutia. Wakanong'ona. Bwana Alphonse akasema itakuwa nzuri kwa picha, na kwamba yeye mwenyewe atakaa mbele ya Fabrice. Madamu Prezida akasema haya, ziwa liamue. Nikatoka nimejaa kama tanga.

Espérance alikuwa anapaka rangi. Nikamweleza. Hakushangilia.

"Muzehe, umeniweka mezani bila kuniuliza."

"Nimekupandisha, mwanangu! Nani mwingine angekupandisha?"

"Nikishindwa, wewe unapoteza maneno. Nayo unayo mengi." Akachovya brashi. "Mimi napoteza kazi. Fabrice akiingia analeta msaidizi wake, na wale watoto wa wavuvi hawaingii tena. Jikoni wameshapata mtu."

Nikamwambia mimi nitakaa mbele yake, nitamsomea moshi, hakuna wa kutushinda. Akaandika kitu kwenye kadaftari. Mpaka leo hajanionyesha alichoandika.

Kombe letu siku zote ni Jumapili baada ya misa. Mwaka huu mgeni rasmi alikuwa na shughuli Jumapili, kwa hiyo Mungu akasogezwa na kombe likawa Jumamosi, si ile ya umuganda, ya kazi za pamoja za mtaa. Saa tano upepo ulifika kwa wakati wake. Ukamkuta mgeni rasmi anahutubia kuhusu michezo na nidhamu ya kutunza muda. Ukasikiliza kidogo, ukaondoka. Ulirudi saa saba, tukaingia majini mashua tisa.

Isimbi ni nzito, lakini nilikuwa nimeipaka nta mpaka nzi hawezi kusimama. Espérance alishika usukani, mara ya kwanza mfanyakazi kuushika siku ya kombe, na pale ufukweni watu wakainuka kwenye viti vya plastiki watazame. Tulikwenda na Fabrice bega kwa bega, yeye na mashua yake mpya nyeupe, Bwana Alphonse mbele yake amevaa glavu. Kila nilichosema Espérance alifanya. Nilisema geuka, akageuka. Nilisema ngoja, akangoja. Nikaanza kujiandalia hotuba.

Ikabaki kupanda kwa mwisho. Mstari wa kumalizia uko juu, upande wa mashariki, kati ya boya na boti ya kamati. Huo ndio wakati: uende kaskazini au kusini. Ukikosea, huna pa kusahihishia. Upepo ulikuwa umelegea, unasitasita, unatafuta pa kuhamia. Nikatazama ng'ambo ya kaskazini, na pale pale nilipozoea kutazama, juu ya migomba, moshi. Umeinamia ziwa, mzuri, kama andiko.

"Kaskazini!" nikasema. "Moshi umesema. Enda!"

Espérance alikuwa anatazama kule kwingine, mikaratusi ya kusini.

"Muzehe, tunageuka. Kusini."

"Huoni moshi?"

"Leo iko Jumamosi, Muzehe."

Nikadhani jua limempiga. Upepo na Jumamosi vinajuana wapi? Wakati huo huo Fabrice akainama kwenye simu yake, akampungia mkono Bwana Alphonse, wakashika njia ya kaskazini. Mashua sita zikamfuata. Simu na moshi vilikubaliana! Miaka yote nimeitukana ile simu, na siku ile ilisema neno moja na mimi. Hapo hapo ningepaswa kushtuka.

"Nageuza," akasema. "Achia kamba."

Mnajua kugeuka kunavyokwenda: wa nyuma anasukuma usukani, wa mbele anaachia kamba ya tanga dogo na kuivuta ya upande wa pili. Asipoachia, tanga dogo linajaa kinyume na mashua inasimama. Espérance alisukuma usukani. Mimi sikuachia. Niliikumbatia ile kamba kwa mikono miwili, mikono ile ya magunia ya kilo mia. Isimbi ikasimama katikati ya ziwa kama mbuzi anayevutwa masikio. Mashua ya nane, iliyokuwa nyuma yetu, ikatupita, wenyewe wakicheka.

"Muzehe! Achia!"

"Siachii! Hii ni kazi yako naiokoa!"

Angenipigia kelele, ningeng'ang'ania mpaka leo. Hakupiga kelele. Nilimsikia anavuta pumzi nyuma yangu, halafu akasema polepole, kwa heshima zote:

"Muzehe, nimeona umeshaona ule upepo wa kusini."

Jamani. Neno langu mwenyewe. Nimelilisha wakubwa miaka na miaka na sikuwahi kujua ladha yake. Nikageuza shingo nimtazame. Alikuwa hacheki. Alikuwa anatazama mikono yangu, na machozi yako tayari, kwa sababu kazi yake ilikuwa ndani ya ile mikono na haikuwa mahali pengine popote.

Mikono iliachia kabla kichwa hakijakubali. Naandika ilivyokuwa.

Tukaenda kusini peke yetu. Sikuwahi kuwa mpweke hivyo majini. Ng'ambo kule mashua saba zinatembea, na ya nane inazifuata, na sisi chini ya mikaratusi, utepe wa kaseti umelala kwenye chuma kama mtu aliyekufa. Nilianza kutunga namna ya kumwomba mpishi radhi. Halafu utepe ukainuka, kidogo tu, kama mtu anayeuliza kitu. Majani ya juu yakawa meupe. Maji yakaingia weusi kutoka mdomo wa bonde la kusini, na Isimbi ikalala ubavu, pua yake ikavutwa yenyewe kuelekea boya.

"Tumepewa," akasema Espérance.

Nikanyamaza. Ndiyo sheria.

Kaskazini walinyimwa wote. Niliwaona pua zikisukumwa kwenye matete moja baada ya nyingine, kila mmoja anamtazama mwenzake, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kukubali. Nampa Fabrice haki yake: yeye ndiye aliyegeuka mapema. Baadaye niliambiwa Bwana Alphonse alimkataza, kwamba data haijabadilika, na kijana akageuza hivyo hivyo. Akatujia mbio, mashua nyepesi, tanga jipya. Tulipofika mstari nilikuwa naweza kusoma maandishi ya glavu za Bwana Alphonse. Tulipita kwa nusu ya urefu wa mashua. Kwenye boti ya kamati walipuliza filimbi, halafu wakatazamana kama waliopuliza kwa bahati mbaya.

Nikamwuliza kabla hatujagusa ufukwe, maana lilikuwa linaniwasha. "Jumamosi ina nini?"

"Tanuri lilinunuliwa na Msabato," akasema. "Miaka miwili sasa. Jumamosi hawashi."

"Na ule moshi?"

"Masufuria ya harusi, Muzehe. Wanapikia nyuma ya migomba, ndani ya kile kishimo, na upepo pale unazunguka kama mlevi anayetafuta mlango. Kila Jumamosi kuna harusi. Wewe Jumamosi uko Nyabugogo."

Miaka ishirini na miwili niko ziwani. Najua upepo wa siku sita. Na ni kweli pia kwamba mtu mwenye macho mazima angeona kuwa moshi ule ulitokea hatua mia kando ya tanuri. Miwani ninayo. Iko kwenye droo, Kagugu, ndani ya mfuko wake, mpya kabisa.

Madamu Prezida akasema kamati itakaa kujadili utekelezaji. Espérance alipanda kutoka majini amelowa, akaenda bandani, akarudi na nyundo, akanikabidhi mimi mbele ya wote, mgeni rasmi akiwa na kipande cha mshikaki mkononi. Nikaweka ngazi mlangoni. Ubao ule haukutoka kirahisi. Misumari sita ya inchi nne, imekunjwa kwa nyuma. Nilitoka jasho mpaka nikavua fulana, na watu wakarudi kwenye viti vyao wakakaa, kama kwenye misa. Kila msumari ulipiga kelele. Sijui ni fundi gani mjinga aliyeipigilia vizuri namna ile.

Nilipokuwa kwenye wa sita, Fabrice akaja chini ya ngazi, simu mkononi, uso umeiva kwa jua.

"Muzehe, nifundishe. Ulijuaje kwamba upepo utahamia kusini?"

Ufukwe mzima ulikuwa unasikia. Bwana Alphonse alikuwa anasikia. Hotuba niliyoiandaa tangu boya la kwanza ilikuwa bado mdomoni, imekamilika, ina mwanzo na mwisho. Nikafungua mdomo. Msumari wa sita ukaachia, ubao ukaanguka.

"Muulize mwalimu," nikasema.

Nikashuka kwenye ngazi, nikaenda kutafuta fulana yangu.